Shajara ya Konyeza wa Batini

9 Juni

Shule zimefungwa na mpwa wangu ameshuka kutoka Newala na begi lenye nguo mbili, chaja, na simu ya kioo kilichopasuka anayochorea kwa kidole. Tuliahidiana tangu sikukuu: kitabu cha katuni cha kurasa 40, kiumbe kutoka ulimwengu mwingine anatokea kwenye ghuba ya Mikindani, huku kwetu Mtwara, yeye achore, mimi niandike. Kwa kuwa nafundisha baiolojia, kazi yangu ya kwanza ni kumpa huyo kiumbe mwili unaofanya kazi. Shajara naiandika kwa sababu moja tu: ikifika Oktoba kila mmoja wetu atadai kwamba mawazo yote mazuri yalikuwa yake.

Amekuja na mchoro tayari. Mwavuli wa zambarau, mikia kama nyoka, mdomo wenye meno, macho mekundu ya hasira.

“Meno ya nini?” nikamwuliza.

“Ya kutisha, Shangazi.”

Nikamchukua hadi ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa na kulikuwa na yavuyavu wawili wamelala mchangani, wameshaanza kunywea. Nikamwonyesha: hakuna meno, hakuna moyo, hakuna ubongo, na zaidi ya asilimia 90 ya mwili ni maji ya chumvi. Ukimwacha juani hadi jioni hakuna hata cha kuzika. Lakini huko Australia yuko mwenzake aitwaye Chironex fleckeri anayeweza kumuua mtu mzima kwa dakika chache, na wala hana habari naye. Shida yake ni kamba na visamaki. Mtu kapita kwenye mikia, basi.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya mradi, nimeibandika ukutani: kiumbe wetu hamchukii mtu. Mpwa wangu kanuna. Meno yamefutwa.

11 Juni

Jina. Wengine humwita mnyama huyu yavuyavu, wengine kiwavi wa baharini kwa ule muwasho wake, wengine konyeza. Nilipolitamka hilo la tatu mpwa wangu akanikonyeza kwa mzaha, na hapo hapo tukatazamana. Kiumbe anayetoka ulimwengu mwingine atafanya nini zaidi ya hicho? Yupo, hayupo. Jicho limefumba, limefumbua. Konyeza limepita bila kupigiwa kura.

Kwenye “dimensheni” ndiko tulikosigana. Watoto wa shule wanasema picha za pande tatu, wanaelewana. Ila ukiandika “alitokea upande wa nne” msomaji atafikiri ni upande wa nne wa nyumba, kule jikoni. Nikapendekeza batini. Tuna kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, halafu kuna njia ambayo kidole hakiwezi kuielekeza: batini. Neno lenyewe lipo siku zote, limekaa pale jirani na dhahiri, halina kazi nyingi.

Mpwa wangu, ambaye hesabu alipata D, akasema njia zote huja mbili mbili, kwa hiyo batini lazima ziwe mbili. Ni kweli. Tumeandika batini ya huku na batini ya kule. Haipendezi, lakini ni sahihi.

15 Juni

Kiumbe wa pande nne hachoreki. Siyo kwamba ni vigumu, hachoreki. Tunachoweza ni kushuka daraja moja na kuangalia kiumbe wa pande tatu anavyoonekana kwa mkazi wa ulimwengu bapa, halafu tupandishe hesabu tena.

Basi ulimwengu bapa ni uso wa maji kwenye beseni la kufulia, maji tumeyatia chokaa yakawa meupe kama tui. Mkazi wake ni ganda la karanga linaloelea: halijui juu, halijui chini, linajua pale tu uso wa maji unapoligusa. Konyeza ni dumu la mafuta ya kula la lita tano, lile la pembe nne. Tumelikata kitako, na kila pembe tumefunga mishipi mitatu yenye chubwi, vile vizito vya kuvulia, nchani ili ininginie wima. Wapo konyeza wa kweli wenye umbo hilo la sanduku, Chironex akiwa mmoja wao, kwa hiyo dumu si uvivu wetu.

Mimi nikashusha, yeye akachora mstari wa maji tu. Alichokata uso wa maji ndicho anachoruhusiwa kuchora, hata kama macho yake yanaona dumu lote.

Tukatanguliza kichwa, mishipi nimeivuta juu kwa mkono. Kwenye daftari kikatokea kitone, kikawa duara dogo la kifuniko, duara likapanuka likawa mraba, mraba ukabaki kuta tupu, kuta zikatoweka ghafla na mahali pake pakawa na vitone kumi na viwili vilivyojikusanya kwenye pembe nne. Halafu hakuna kitu. Michoro sita, mnyama mmoja, na ukimpa mtu hiyo michoro sita hatakuambia kwamba ni mnyama mmoja.

Pandisha daraja: weka tufe mahali pa duara, weka mchemraba mahali pa mraba. Kwetu sisi konyeza wa batini atatokea hewani kama punje, atavimba awe tufe, atakuwa chumba kitupu chenye kuta za ute, kisha kuta zitayeyuka na kubaki madonge madogo yanayoelea bila kushikwa na chochote. Tulifurahi sana usiku huo. Tulikula chipsi.

16 Juni

Furaha imekwisha. Asubuhi tumerudia jaribio na maganda ya karanga mengi, tukijifanya ni kundi la dagaa. Kila dumu lilipoingia kichwa mbele liliyasukuma pembeni. Mara tano. Hakuna ganda hata moja lililobaki ndani.

“Huyu atakufa njaa,” mpwa wangu akasema.

Nikakaa chini na kufikiri. Konyeza akipiga mwavuli hutangulia kichwa, ndiyo, lakini huo ni mwendo. Baadhi yao wakitaka kula hupanda, kisha huacha kupiga na kuzama polepole mikia imetandazwa, kama mvuvi anayeteremsha mshipi. Tukaligeuza dumu, chubwi zikatangulia.

Vitone kumi na viwili vikajitokeza kimya kuzunguka maganda. Hakuna ganda lililotikisika. Kisha, vitone vikiwa bado pale, zikaja kuta, pande nne kwa mpigo, na maganda yote yakawa ndani. Kuta hazikutembea kuja; zilikuwepo tu ghafla. Mpwa wangu aliinua mkono kutoka kwenye daftari na hakuandika kitu.

Sasa pandisha daraja. Mraba una pembe nne, mchemraba una nane. Mvuvi aliye ndani ya maji ataona mafungu manane ya vitone yakitokea kumzunguka: manne juu yake, manne chini yake. Simama katikati ya chumba chako uangalie pembe, nne za dari na nne za sakafu. Ndivyo. Chironex hufikisha mikia 15 kila pembe. Tukimpa wetu idadi hiyo hiyo ni 120. Na aliye katikati hana pa kuogelea, maana hata akizama, chini kuna pembe zake.

Ukurasa wa 1 umebadilika. Hakuna tena mwavuli mkubwa juu ya bahari. Ni mafungu manane ya vitone gizani, na mtu.

22 Juni

Macho. Konyeza wa sanduku ana macho 24, sita sita kwenye kila ubavu, na baadhi yake yana lenzi kabisa kama letu. Anaona bila ubongo wa kupelekea anachokiona. Dumu lina mbavu nne ukiondoa juu na chini. Dumu la pande nne litakuwa na mbavu sita, kila ubavu ukiwa ni chumba kizima (hapa mwalimu mwenzangu wa hesabu alinihakikishia kwa kuchora vumbini, nikamwamini). Sita mara sita, macho 36.

Kitu kilichonikalia zaidi ni utafiti wa mwaka 2023 juu ya konyeza mdogo wa mikoko ya Karibi, Tripedalia cystophora, mwili wake karibu sentimita moja. Alijifunza. Waliomchunguza walimweka kwenye chombo chenye mistari myeupe na ya kijivu mfano wa mizizi ya mikoko. Mwanzoni akawa anagonga ukuta, baada ya dakika chache akawa anakwepa. Hana ubongo na bado makosa yake yanamfunza.

Wetu naye tumempa hilo. Haji Mikindani kwa sababu ya laana. Anakuja kwa sababu usiku mmoja alishuka mahali penye mwanga akakuta dagaa wengi, na mwanga ule ulikuwa wa karabai. Usiku wa pili akashuka penye mwanga. Ni hivyo tu.

29 Juni

Siku mbili nimekwama kwa swali ambalo ningependa lisingeulizwa. Kama ulimwengu wetu kwa konyeza ni bapa kama uso wa maji, basi dagaa wetu hana unene wowote kule. Kitu chenye unene sifuri kinashibishaje?

Nilijaribu kulikwepa kwa kusema ni hadithi. Mpwa wangu akanikumbusha kwamba nilimfutia meno kwa jina la baiolojia.

Tulipofikia: ulimwengu wetu una unene kidogo upande wa batini, tuseme wa ngozi ya kitunguu. Kwa hiyo dagaa mmoja ni utando, na mtu mzima ni utando mkubwa zaidi, lakini bado utando. Konyeza anahitaji makundi kwa makundi ili apate tonge. Hawezi kuishi kwa kuwinda watu hata angetaka, ni sawa na wewe kuishi kwa kula maganda ya karanga, si karanga zenyewe. Sasa kanuni ya ukutani imepata sababu. Mtu kwake ni uchafu ulioingia kwenye wavu, na hapo nina hakika wavuvi watatuelewa upesi kuliko walimu.

6 Julai

Sumu. Hii ni sehemu yangu, na nimeandika kurasa nane ambazo mpwa wangu amezipunguza hadi picha tatu.

Konyeza wa kweli hachomi kwa mwiba. Ngozi ya mkia imejaa vifuko vidogo mno, ndani ya kila kifuko kuna uzi uliokunjwa kama chemchemi, ukiguswa unafyatuka na kumwaga sumu. Kwa hidra, ndugu yake wa maji baridi, mfyatuko umepimwa: nanosekunde 700. Kope haijaanza hata kufikiria kufumba.

Kuna mmoja anayekaa mgongo chini kwenye vina vifupi penye mikoko, Cassiopea. Huyu hata kukugusa hana haja. Anatoa ute, na ndani ya ute mna vidonge hai vyenye seli za kuchoma, vinaogelea vyenyewe. Unapita karibu unawashwa, hujui umewashwa na nini. Vidonge hivyo vilielezwa rasmi mwaka 2020.

Nikachukua la kwake nikaliongezea batini. Chora duara mchangani kumzunguka kaa. Kwa kiumbe bapa duara hilo ni ukuta usiopitika, lakini wewe unamgusa kaa kwa kidole kutoka juu na mstari hujauvuka. Ngozi yetu ni duara hilo. Anayetoka batini anagusa ini bila kupitia kwenye ngozi. Daktari wa kwenye katuni atatafuta alama ya kuchomwa mwili mzima na hataipata. Kwa konyeza wa sanduku wa kweli, siki huzuia vile vifuko ambavyo havijafyatuka. Kwa huyu hakuna pa kuimwaga.

Dalili nimeazima kwa konyeza mdogo wa Australia, Carukia barnesi, ambaye mwavuli wake hauzidi sana sentimita moja. Mwaka 1961 daktari Jack Barnes, akitaka kuthibitisha kwamba ndiye anayelaza watu hospitalini, alijichoma naye kwa makusudi, akamchoma na mwanawe wa miaka tisa, na mlinzi wa ufukwe. Wote watatu wakalazwa. (Mtoto wa miaka tisa! Nilipowasimulia wanangu wa Kidato cha Tatu mwaka jana, hakuna aliyeuliza kuhusu sumu. Waliuliza mama yake alisemaje.) Uchomaji wenyewe ni mdogo, karibu nusu saa baadaye ndipo mgongo na tumbo vinaposhikwa, na pamoja na maumivu huja hali ya kuwa na hakika kwamba unakufa. Hofu hiyo inatoka kwenye sumu. Sikuhitaji kubuni lolote hapo.

20 Julai

Nilikuwa nimesahau mafundo. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyenikumbusha: kwenye pande nne hakuna fundo la kamba linaloshika. Kamba inapotaka kupita juu ya mwenzake na kuzuiwa, inasogea batini kidogo, inapita, inarudi. Fundo lolote unalolijua linakuwa uzi mnyoofu.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayesuka madema, ile mitego ya samaki, karibu na mikoko, nikamwamkia, nikamwuliza: mzee wangu, ukikuta wavu wako, jarife lako, halikukatwa popote lakini mafundo yote yamefunguka, utasema nini?

Akaendelea kusuka. Kisha akasema, “Limefunguka, au limefunguliwa?”

“Limefunguka tu.”

“Nitaacha uvuvi.”

Yale ya kuchanika angeyafuma tena. Ndiyo maisha yake. Nimeyapeleka maneno hayo mawili, “Nitaacha uvuvi,” moja kwa moja ukurasa wa 12. Na dema, je? Dema halina fundo, limesukwa kwa fito, lakini na lenyewe halina mlango kwa anayetoka batini: samaki wanatoweka ndani na dema ni zima. Mzee hakuipenda kabisa hiyo. Alitaka kujua kama kiumbe huyo anakuja na bamvua au na maji mafu, nikasema bado hatujaamua, akasema amueni kwanza.

Tumeamua: bamvua ya mwezi mwandamo. Maji yanakupwa mbali, na usiku ni mweusi, karabai zinaonekana vizuri.

2 Agosti

Siku mbaya. Tulipeleka kurasa 16 za kwanza mjini zichapwe kwa majaribio, duka moja ambalo pia huchapa fulana. Tumezirudia jioni, tumelipa, tumepanda daladala, na ni hapo njiani mpwa wangu alipofungua bahasha. Kurasa zote zimegeuzwa kama kwenye kioo. Maneno yanasomeka kutoka kulia. Mashine ilikuwa imeachwa kwenye mpangilio wa fulana. Dukani walisema faili letu ndilo lenye kosa. Halina kosa.

Kijana hakula.

3 Agosti

Usiku nimezitazama zile kurasa kwa tochi. Ukurasa wa 7 kuna gayogayo amelala mchangani. Samaki huyu akiwa mchanga ana jicho kila upande kama samaki wengine, halafu jicho moja linahama na kuvuka kichwa hadi yote yanakuwa upande mmoja, na kwa kawaida kila aina ina upande wake. Kwenye kurasa zilizogeuzwa macho yalikuwa upande usio wake. Nikakaa kitandani.

Kata herufi ya karatasi, tuseme F, uiweke mezani. Izungushe utakavyo, haitakuwa F ya kwenye kioo. Lakini iinue, uigeuze hewani, uilaze tena: tayari. Herufi haikubadilika, ilipitia upande ambao meza haina. Basi chochote ambacho konyeza atakikamata, kikamponyoka baada ya kupinduka batini, kitarudi kimegeuzwa. Kiatu cha kulia kitarudi cha kushoto. Ganda la konokono wa baharini, ambayo karibu yote huzungukia kulia, litarudi linazungukia kushoto.

Na mtu?

Moyo utakuwa upande wa kulia. Ataandika kwa mkono mwingine na mwandiko wa kinyume. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba hata molekuli zina kushoto na kulia. Amino asidi zinazojenga protini za viumbe vyote tunavyovijua ni za kushoto, sukari zetu ni za kulia, na vimeng’enya vya tumboni vimeumbwa kuzishika hizo, kama mkono wa kulia na glavu yake. Mtu aliyegeuzwa anavyo vimeng’enya vya upande mwingine. Atakula ugali, utapita. Atakula samaki, atapita. Familia itapika zaidi. Atakonda mbele ya sinia lililojaa, na kila mtu Mikindani atasema amerogwa.

Kwa hiyo anayekufa kwa sumu siye mwenye bahati mbaya zaidi kwenye kitabu hiki. Ni yule aliyeponyoka.

Nilimwamsha mpwa wangu saa kumi alfajiri. Akasikiliza, akasema, “Tuwarudishie wale wa duka hela ya ziada?” Nikasema hapana.

24 Agosti

Nimewajaribishia wanafunzi kumi wa klabu ya sayansi sura ya mtu aliyerudi. Kimya kizuri. Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza ni vitu gani basi huyo mtu anaweza kutumia. Nikasema maji na chumvi, kwa kuwa molekuli zake hazina kushoto wala kulia.

“Na pombe, Mwalimu?”

Darasa likacheka. Bahati mbaya kijana yuko sahihi: pombe nayo haina upande, mwili uliogeuzwa ungeiunguza kama kawaida. Kwa maana hiyo mvuvi wetu, akinywa uraka wakati wa msimu wa korosho, utamu wote wa bibo utampita na kileo ndicho kitakachomfaa. Nimekataa kuliweka kitabuni. Mpwa wangu kalichora kwa siri ukurasa wa 29, na sasa nimeliona, na linaumiza kuliko nilivyodhani: mtu amekonda, chupa mkononi, mke wake mlangoni anafikiri amemjua ugonjwa.

Limebaki.

7 Septemba

Mambo madogo. Beseni la chokaa limestaafu. Mpwa wangu ametoboa mwanya mwembamba kwenye boksi la viatu, akatia tochi ndani, na gizani unapata utando wa mwanga uliolala kama uso wa maji. Dumu likishuka linang’aa pale tu mwanga unapolikata. Chubwi zinakuwa nyota. Hii ni yake, nakiri kwa maandishi.

Mtu kaniuliza kwa nini kiumbe atokee kwetu badala ya New York. Nilimjibu kwamba mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walitoa silikanti kutoka kina kirefu, samaki ambaye hadi mwaka 1938 wataalamu walidhani alikwisha pamoja na mijusi wakubwa wa kale, dinosaria. Na mijusi wenyewe, mmoja wa Tendaguru, Lindi, amesimama kwenye makumbusho Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13. Kusini hatujawahi kupungukiwa na wanyama wasioaminika.

Kurasa 31 zimekamilika. Rangi bado kwenye tano.

5 Oktoba

Kwa siku ya wazazi tulitaka kitu cha kushikwa, kwa hiyo tangu Julai nilikuwa nimemwagiza fundi wa vinyago anichongee mabale tisa ya mbao laini, kila bale ni mkato mmoja wa konyeza, mtoto ayapange. Mpingo hatuuwezi. Nilitumia mchana mzima kumweleza batini, dumu, tufe, mtu aliyegeuzwa, na yeye alisikiliza huku anapiga patasi, akasema tu kwamba kwenye vinyago vya shetani jicho hukaa mgongoni na mkono hutoka kinywani na hakuna anayemwambia fundi amekosea.

Leo nimeyafuata. Mabale yote tisa, safi. Bale la nne lina vitone vyake kwenye pembe, vidogo, kavichimba kwa msumari wa moto. Pembeni akaweka kitu ambacho sikuagiza wala hakukitoza bei: mvuvi wa urefu wa kiganja amekaa kwenye mtumbwi, mbavu zinahesabika.

Nilimgeuzageuza. Kwenye michoro yetu yote, tangu ukurasa wa 2, mvuvi hupiga kafi upande wa kulia, na michoro nilimwachia fundi. Huyu kafi lake liko kushoto. Hata fundo la shuka kiunoni liko upande mwingine.

“Fundi,” nikasema, “hapa kafi umelikosea mkono.”

Akanitazama kwa huruma kidogo.

“Mwalimu, huyu si yule aliyerudi?”